Musumari Ndani ya Kioo

Furaha wangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa chorale ya kanisa, nami nimebaki hapa sebuleni na sanduku lako likiwa wazi. Nimelitazama weee, nikaona nikianza kulipanga nitalipanga kwa namna yangu, kisha utakuja kulipangua lote na kunikasirikia. Basi limebaki hivyo hivyo. Mambo ya njia atakuambia tantine Kahambu utakayesafiri naye, maana yeye anaijua barabara ya Butembo kuliko mimi ninavyojua jiko langu: mutalala wapi, kwenye bariere gani ya askari munyamaze, kikapu kifungwe vipi. Mimi sina la kusema juu ya sweta wala juu ya dawa ya malaria. Una akili, tena una mudomo.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako la juzi juu ya mama aliyekuzaa. Tulikuwa tunamenya viazi, ukauliza bila kuinua macho: "Mama, nikifika kule, yule mama nitamuita nani?" Nami nikakuambia umalize viazi, maji yanachemka. Maji hayakuwa yanachemka. Hata makala yalikuwa hayajashika moto. Niliogopa, basi. Niliona kwamba jibu lolote nitakalotoa litaniuma, na mimi unanijua, sipendi kuumia mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni wewe peke yako na kisu cha viazi.

Sasa jibu ninalo. Litakuja mbele huko, usiruke mistari kulitafuta. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia chini. Nataka kwanza nikueleze namna wewe na mimi tulivyoshikamana. Majirani wetu wa hapa Katoyi wamekuhadithia tangu ukiwa mudogo, na kila mwaka wanaongeza chumvi. Kwa Mama Riziki wa nyumba ya pili, sasa risasi zilipita katikati ya masikio yangu. Hakuna risasi iliyonipita masikioni. Acha usikie kwangu, na nianzie kwa Papa Kasereka, patron wangu wa kazi, kwa sababu bila yeye nisingekuwa kwenye barabara ile nilipokuokota.

Nilishuka kutoka Masisi nikiwa musichana wa umri wako, ng'ombe za baba zimekwisha kuchukuliwa, nyumba yetu imebaki majivu. Birere, mutaa wa biashara wa Goma, ilinipokea inavyompokea kila mutu, yaani kwa kunisukuma. Nikaanza kukaanga mikate ya mafuta mbele ya atelye moja ya kutengeneza televizio. Mwenye atelye alikuwa ni yeye, Munande wa Butembo, tumbo mbele, hasira karibu, chai yake sukari nusu kikombe. Kila asubuhi alikuwa ananunua mikate yangu, na kila asubuhi nilikuwa nachungulia ndani kuona namna wanavyofungua zile televizio kubwa. Siku moja nikamuomba anifundishe. Akacheka, akasema musichana atapigwa na umeme, halafu baba yake ataleta kesi. Nikamuambia baba yangu hana tena hata mbuzi wa kuleta kwenye kesi. Akakataa. Basi na mimi nikakataa kumuuzia mikate. Nilikuwa nakaanga pale pale mbele ya pua yake, harufu inaingia mpaka kwenye meza yake ya kazi, nami namuambia: kwako imekwisha. Hakumaliza wiki. Alitoka na kiti, akakiweka kando ya meza, akasema nikae, nisiguse kitu. Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi, na nilikuja kuwa fundi muzuri. Sifichi. Wateja walikuwa wanafika wanasema, tunamutaka yule mwanamuke.

Patron alikuwa na hadithi moja ambayo kila mteja alilazimishwa kuisikia. Alipokuwa kijana alitumwa Ulaya kusoma, masomo yakamushinda, akaingia kazi kwenye kiwanda cha vioo vya televizio za rangi. Wewe umekulia katika televizio bapa, zile hukuzijua sana, kwa hiyo nikueleze. Ndani ya kioo cha mbele mulikuwa na bati jembamba lenye matundu madogo kuliko ya kichujio cha chai, matundu hayahesabiki. Umeme unapita kwenye matundu hayo ndipo kila rangi inapopata mahali pake, nyekundu kwenye nyekundu, kijani kwenye kijani, bluu kwenye bluu. Bati likisogea hata unene wa unywele, musoma habari anakuwa na uso wa kijani. Sasa bati hilo linashikwa na nini? Kole, yaani gundi, haiwezi, ndani mule ni moto. Linaning'inia kwa springi kwenye misumari mifupi ya chuma, na misumari yenyewe imezama ndani ya kioo. Kazi ya Papa Kasereka, miaka yote aliyokaa huko, ilikuwa kuizamisha misumari hiyo.

Mafundi wa jirani walikuwa wanamucheka. Walisema alikuwa anafagia kiwanda. Nani ameona musumari unaingia kwenye kioo? Akakasirika kweli kweli. Akaleta kioo kimoja kilichokufa, akakitoboa nyuma ili hewa iingie, akakifunika blanketi, akakipasua pale uani mbele ya wote. Akalitoa lile bati, tukalitazama kwenye jua. Kisha akaokota kipande cha ukingo wa kioo chenye musumari, akanipa mimi koleo, akasema ngoa. Nilivuta. Nikakanyaga kipande kwa muguu, nikavuta kwa mikono miwili. Kioo ndicho kilichovunjika. Musumari ukatoka na kipande chake cha kioo bado umekishika, au kioo kimeushika, hakuna aliyeweza kusema ni nani amemushika mwenzake. Tangu siku ile hawakumucheka tena mbele yake.

Nilimuuliza siri yake ni nini. Akasema kwanza si chuma chochote tu. Wanatafuta chuma ambacho kwenye moto kinavimba sawa na kioo, na kwenye baridi kinasinyaa sawa na kioo. Wanakipasha kwa umeme bila kukigusa mpaka kinakuwa chekundu, wanakisukuma kwenye ukingo, na kioo kinalainika pale pale tu na kukipokea. Lakini kazi ngumu, alisema, inakuja baadaye, katika kupoa. Kinapita kwenye tanuri ndefu, moto unapunguzwa kidogo kidogo, na mutu mwenye haraka hafai pale. Ukikitoa mapema hakipasuki mbele yako. Kinakuonyesha uso muzuri, unakipeleka depo, na siku moja kinapasuka peke yake kwenye rafu, hakuna aliyekigusa.

Sasa nifike kwako. Ulikuwa mwaka ule wa vita ya upande wa Kibati. Watu walikuwa wanashuka kutoka Rutshuru na magodoro vichwani, wanalala chini ya mabashi ya plastiki kwenye mawe ya volkano. Kisha risasi zikanyamaza, na sisi watu wa hapa unatujua: kukinyamaza kidogo tunafungua biashara. Mwenye baa mumoja wa Kibati alileta habari kwamba televizio yake imeharibika rangi na watu wanataka mupira. Patron hakutaka kwenda. Mimi nikaenda, kwa kiburi tu, nionyeshe kwamba siogopi. Nilipoifungua niliona haiwezi kutengenezwa pale, nikatafuta musukuma chukudu, tukailaza kwenye zile mbao za magurudumu mawili, tukaifunga kamba. Tulikuwa hatujafika hata barabarani vizuri, milio ikaanza upya, na karibu.

Barabara ilijaa watu mara moja. Kila mutu anakimbilia Goma, wengine wanakimbia kinyume, wanatafuta watoto. Na pembeni, kwenye changarawe, ulikuwa wewe. Umeketi juu ya furushi la vitenge, mikono kwenye magoti, umetulia kama mutu anayengoja misa ianze. Nilikuuliza mama yuko wapi. Ulinijibu kwa Kinande, sikuelewa. Nikakushika mukono, ukakataa. Nikavuta, ukashika lile furushi kwa kucha. Basi nikakunyanyua pamoja na furushi lako, nikakuketisha juu ya televizio. Musukuma chukudu akalalamika uzito, nikamuambia asukume. Hivyo ndivyo ulivyoingia Goma, mutoto wangu, umekaa juu ya televizio ya watu, unashika kamba, hulii. Kilio kilianza nyumbani.

Nilimutafuta mama yako. Hilo nalisema bila kuinamisha kichwa. Nilirudi kwenye kambi ya Kibati nikiwa nimekubeba mugongoni, siku baada ya siku, mpaka watu wakanizoea. Nilikwenda kwa wale wa misaada wenye vesti waliokuwa wanaandika watoto waliopotea, wakakupiga picha, picha ikabandikwa. Jina ulijua lako tu, Kavira, na jina hilo kwa Wanande ni la nusu ya wasichana. Hakuja mutu. Sasa tunajua kwa nini: umati ulimusukuma upande wa kaskazini, naye akaambiwa na watu kwamba mahali alipokuacha palipigwa bomu.

Ile televizio nayo ilitusumbua. Iliwaka, lakini kona moja ilikuwa ya zambarau na wachezaji wote nyuso za kijani. Mwaka ule zilifika nyingi za namna hiyo, na mafundi wote wa Birere tulifanya kosa moja. Tulidhani ni sumaku. Tulikuwa tunapitisha ile pete ya waya mbele ya kioo, ile inayoondoa sumaku, tunapitisha asubuhi, tunapitisha jioni, rangi hazirudi. Hatukufikiri kwamba televizio hizi zilikuwa zimekimbia vita pamoja na wenyewe, kichwa chini, juu ya chukudu, kwenye mawe. Patron ndiye aliyeshituka. Akailaza ubavu, akafunga kitambaa kwenye nyundo ya mpira, akaigonga upande mumoja, kwa nguvu lakini kwa adabu. Ndani tukasikia kitu kimerudi mahali pake. Bati lilikuwa limeruka kwenye musumari wake mumoja. Alipoiwasha, uwanja ukawa kijani na watu wakawa watu. Wewe ulikuwa umeketi chini ya meza, ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kicheko chako, na nilikupenda pale pale, sikungoja ruhusa ya mutu.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Kosa hilo unalijua, tumekwisha kugombana juu yake, lakini sijawahi kukueleza lilitoka wapi. Mimi mume wangu alikwenda kwenye machimbo ya Walikale na hakurudi, mutoto sikupata, na sasa mutoto ameketi chini ya meza yangu. Nilitaka uwe wangu haraka. Nilikuita Furaha siku ya pili tu. Nilikuwa nashika kikombe cha uji juu, nasema, sema mama, na ulikuwa unakitazama kile kikombe, na njaa ikakushinda ukasema. Nilifurahi kama mujinga. Patron alikuwa anaongea nawe Kinande, pole pole, akiwa ameinama na lile tumbo lake, nawe ulikuwa unamujibu kwa sentensi ndefu ndefu, unaeleza mambo ambayo mimi siwezi kujua ni nini. Wivu ukanishika. Nikamukataza. Mbele ya wateja nikamuambia, huyu ni mutoto wangu, ataongea kama mimi, usimuchanganye kichwa.

Angeweza kunifukuza. Alinitazama tu, akasema: "Unafungua tanuri mapema, mama."

Nikamuambia abaki na hadithi zake za Ulaya. Naye hakusema nawe Kinande tena, kwa kuniheshimu, na maneno yako yakaondoka moja moja. Kwanza uliacha kuimba. Kisha uliacha kuongea usingizini. Mimi nikasema, vema, amezoea. Ulikuwa mutoto muzuri sana, darasani wa kwanza, hodi kwa kila jirani. Nilikuwa nakutembeza Birere kama kiatu kipya.

Ulipokaribia kumaliza shule ya musingi, kulikuja musichana mupya katika darasa lako kutoka Beni. Aliambiwa jina lako jingine ni Kavira, akakusalimu kwa Kinande, ukakosa jibu, darasa likacheka. Ulirudi nyumbani ukasimama mulangoni na mukoba mugongoni. Sijasahau hata namna ulivyoshika kamba za mukoba. Uliniambia: "Ulinichukua, halafu ukanichukua tena."

Hukupiga kelele. Ingekuwa kelele ningekujibu, kelele ninaziweza. Ulikwenda kwa Papa Kasereka na muke wake, ukakaa. Nami nikafanya lile ninalolijua: nikakufuata. Nikasimama nje ya geti lao nikiita, watu wakatoka kutazama, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Patron akatoka, akafunga geti nyuma yake, akanipa kigoda, akaketi juu ya jiwe. Akaniambia kuna jambo moja la kiwandani ambalo hakuwahi kunieleza kwa sababu sikuwahi kuuliza. Lile bati, alisema, halitiwi mara moja likabaki. Wanalitoa na kulirudisha, wanalitoa na kulirudisha, kila rangi inapopakwa kwenye kioo, na kila mara linatakiwa lirudi pale pale lilipokuwa. Ndiyo maana linafungwa kwa springi. Nikamuuliza, sasa misumari yako ina kazi gani, kama bati linatoka hovyo? Akajibu: "Kazi yake si kulishika. Kazi yake ni kutosogea." Kisha akaniuliza kama nimemuletea mikate, nikasema sikuleta.

Nilirudi nyumbani bila wewe. Ilikuwa njia ndefu kuliko ile ya Kibati, na nililia waziwazi, hata wenye pikipiki walipunguza mwendo kunitazama. Lakini nilikuwa nimeelewa. Sikutuma mutu. Sikupitisha salamu za kukutia huruma kwa Mama Riziki, ingawa alijitolea, unamujua. Nilifungua atelye kila asubuhi, nikafunga kila jioni, nikapika sombe ya watu wawili na kula peke yangu na kugawa iliyobaki. Alasiri moja uliingia, ukavua mukoba, ukauliza kama chai iko. Nikasema iko. Ukanywa, kisha ukaketi mezani, ukachukua kile chuma cha kuunganishia waya, ukaendelea na redio uliyokuwa umeiacha wazi. Hatukuomba radhi siku ile, si wewe si mimi. Nilikuomba baadaye, unakumbuka, tukiwa tunafua, na ulinirushia maji.

Tangu hapo nilimuomba patron akurudishie Kinande chako. Alianza kwa furaha kama mutu aliyerudishiwa shamba. Lakini mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, na kabla hajafika mbali tukamuzika. Ndiyo maana kesho unakwenda kwa mama yako na neno "wasingya", yaani asante, na machache ya kusalimia, basi. Hiyo ni kazi ya mikono yangu. Ukifika, na uone aibu imeanza kukupanda usoni kwa sababu watu wanaongea na wewe unatazama, uwaambie wazi: mama yangu wa Goma ndiye aliyefanya hivyo, alikuwa na haraka. Usiibebe wewe. Nina mabega.

Sasa Kahambu. Ulimuona tu kama muuza maharagi wa Butembo aliyekuja kutengenezesha simu, maana siku hizi hakuna tena anayeleta kioo chenye bati, ni simu na panneau za jua tu. Mimi nilimuona anavyokutazama. Alisahau simu yake mezani. Alisema, huyu musichana ana uso wa Masika, Masika mwenye duka la vitenge. Unajua nilivyomujibu? Nilimuambia nyuso zinafanana, Wanande ni wengi. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini unafunga atelye mapema?" Nilifunga kwa sababu alikuwa ametaja vitenge, na habari ya lile furushi sikuwa nimemueleza mutu yeyote nje ya Katoyi.

Kahambu hakunisikiliza, akamupelekea namba yangu. Siku Masika alipopiga simu mara ya kwanza, ulikuwa shuleni kwenye mutihani wa diplome. Nilipokea mimi. Sikumupa nafasi ya kulia, nikamuuliza kama hakimu: mutoto wako ulimuacha akiwa amekaa juu ya nini? Akasema, juu ya furushi langu, nilimuambia akae pale asisimame mpaka nirudi, mimi nakwenda kutafuta gari. Nikaketi chini. Ndiyo maana ulilishika kwa kucha, Furaha. Hukuwa mukaidi. Ulikuwa unatii. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba nilikuokota, nilikuwa nimemutoa mutoto mahali alipoambiwa na mama yake angoje. Nilifanya sawa, na ningefanya tena kesho, risasi zilikuwa karibu. Lakini nilitaka ujue kwamba hakukutupa. Watoto wengine wa umri ule wangekimbia na kupotea kabisa. Wewe ulikaa kwa sababu ulimuamini, na yeye alikuwa anarudi.

Kwa hiyo usiende kwake na kesi moyoni. Vile vitenge muambie vilikuwa vizuri, havikuchuja, tulivivaa wawili mpaka vikachanika, na kile cha mwisho ndicho nilichokushonea gauni la komunyo ya kwanza. Akikukumbatia sana, vumilia. Akitaka kukulisha uji kwa nguvu, kumbuka kuna mwingine aliyefanya hivyo, na ucheke. Na wewe mwenyewe usijilazimishe. Kama mwezi wa kwanza husikii kitu zaidi ya ugeni, ni sawa. Kama utamupenda siku ya kwanza, ni sawa pia, wala usinifiche kwenye simu kwa kunihurumia. Nitaona wivu, ndiyo. Nitakula, nitalala, utapita.

Na ukiona unataka kubaki kule, ubaki. Kule kuna chuo, kuna duka, kuna ndugu wa damu ambao hujawaona. Nimelifikiri hili mpaka mwisho, na nimeona kwamba sitasogea: nyumba ni ile ile ya Katoyi, atelye ni ile ile ya Birere, kitanda chako sitamupangisha mutu, hata Mama Riziki akileta mpwa wake. Vita ikija tena, nitakimbia kama watu wote na nitarudi kama watu wote. Utanikuta. Sisemi hivi kwa kujipa moyo, nasema kwa sababu ninajijua.

Nikujibu sasa. Leo baada ya misa ya kwanza, ulipobaki kanisani na wenzako kuimba misa ya pili, nilitia unite za kupigia kwenye simu nikamupigia Masika mwenyewe. Tuliongea juu ya gari, juu ya baridi ya Butembo, kwamba pilipili huiwezi. Maneno yalipoisha hakukata. Nilisikia anapumua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, wewe unaniita nani. Nikamuambia ukweli, unaniita mama.

Nikasikia anafunga mulango.

"Na mimi," akasema, "ataniita nani?"

Sikukuuliza kwanza, Furaha, na sitakuomba radhi kwa hilo. Nilimujibu pale pale, nimesimama kwenye uwanja wa kanisa, watu wanapita.

Nikamuambia: "Ataita mama, na sisi wawili tutaitika."

Mama yako wa Goma